Jibu: kaka anataka kukatisha dozi ya TB
Dada wa Konde, ulouliza kuhusu kaka yako mwenye TB na virusi vya UKIMWI, usimwache akatishe dozi ati kwa vile mwezi mmoja tu kashapata nafuu, TB ya kawaida ni miezi 6 na vijidudu vilobaki vikishazoea dawa ndo hapo inakuja TB sugu. Mie nlimtizama ami yangu hapa Wete, na yeye alikuwa na vyote viwili kama huyo wako, TB na virusi. Kila asubuhi namwekea vidonge kwenye kisosi pembeni ya uji, nasimama mpaka ameze, ndo natia alama kwenye kadi. Siku ya kwanza mkojo ukatoka rangi ya chungwa, akapiga ukelele anakufa, kumbe dawa tu hiyo 😅

Na vyombo msimtengee jamani, TB haipiti kwenye sahani, inapita kwa hewa, fungueni madirisha. Watoto wa humo ndani wapelekwe wakapimwe, hasa wa chini ya miaka 5. ARV nazo, yaani dawa za virusi, asiache, ila kituoni wajue anameza zote mbili maana kuna dozi hubadilishwa. Kituo kikiwa mbali muulize sheha, mjitolea wa afya wa shehia yenu nani, wetu alikuwa akija na baskeli mpaka mlangoni.