Maswali ya Wasomaji: Bwawa Lililo Juu Yetu Limepata Ufa, Tuhame au Tungoje?

Tangu mvua za masika zianze, barua nyingi zinazofika kwenye ukurasa huu zimetoka kwa watu wanaoishi chini ya mabwawa ya udongo. Nimechagua nne. Mbili za kwanza nimezijibu kwa urefu, kwa kuwa zinagusa uhai wa watu wengi kwa mara moja.

SWALI: Sisi ni familia zipatazo thelathini tunaoishi bondeni, chini ya bwawa la shamba moja kubwa. Wiki mbili zilizopita mvua ilinyesha siku nne mfululizo, na vijana waliokuwa wakichunga mbuzi wakaona ufa juu ya tuta, mrefu kuliko nyumba yangu, unaoingiza vidole vitatu. Chini ya tuta, upande wetu, pana mahali palipokuwa pakavu miaka yote na sasa pana tope, na maji yanachuruzika kidogo kidogo kuelekea korongoni. Msimamizi wa shamba anasema kila bwawa huvuja na kwamba tunajitia hofu bure. Naibu wa chifu ametuambia tukae tayari kuhama, lakini hakusema lini wala wapi. Je, kuvuja huku ni kwa kawaida? Nitajuaje kwamba wakati wa kuondoka umefika?
*Mama wa watoto wanne, Kaunti ya Nakuru*

JIBU: Mama, msimamizi amekuambia nusu ya ukweli. Hakuna tuta la udongo lisilopitisha maji hata kidogo, na ndiyo maana wahandisi, wanapojenga bwawa kwa utaratibu, huweka tabaka za mchanga na kokoto upande wa chini ili maji hayo yapate pa kutokea bila kubeba udongo. Kwa hiyo swali la kuuliza si kama bwawa linavuja, bali ni nini kinachotoka pamoja na maji.

Tafuta chupa ya kioo, kama ile ya jemu, uioshe vizuri. Mtume mtu mzima mwenye busara, mchana, mvua ikiwa imekatika, akinge maji pale hasa yanapotokea kwenye tuta, wala si korongoni ambako yamekwisha kuchanganyika na tope la njiani. Iwekeni chupa mahali penye mwanga, isitikiswe kwa muda wa saa moja. Maji yakibaki maangavu na kitako cha chupa kikawa safi, tuta linavuja tu, nanyi mtaendelea kulichunguza kila siku. Kitako kikifunikwa na udongo laini, tuta linaliwa kwa ndani. Na ikiwa maji yanaonekana kwa macho kuwa na rangi ya chai ya maziwa tangu yanapotoka, asiende mtu kukinga chochote, ondokeni.

Nieleze kwa nini rangi hiyo inatisha kiasi hicho. Maji yanayopenya huanza kung'oa chembe za udongo upande wa chini, yanapotokea, na tundu linalobaki hurudi nyuma hatua kwa hatua kuelekea yaliko maji mengi. Siku tundu hilo linapokutana na bwawa lenyewe, mchirizi uliokuwa haujazi ndoo hugeuka kuwa bomba, na bomba hupanuka mpaka sehemu ya juu ya tuta inadidimia. Wakati wote huo nyasi juu ya tuta huwa bado ni za kijani na mtu anayepita hahisi kitu. Huko Idaho, Marekani, tarehe 5 Juni 1976, mafundi wa bwawa la Teton waliona maji ya tope yakitoka kando ya tuta mnamo saa moja na nusu asubuhi. Dakika chache kabla ya saa sita mchana, bwawa hilo lenye kimo cha zaidi ya mita 90 lilikuwa limebomoka. Matingatinga mawili yaliyopelekwa kuziba tundu yalimezwa nalo. Watu 11 walikufa, na wangekuwa wengi mno lau tope lile lingeonekana usiku.

Kuhusu ufa, jambo la kwanza ni kutazama unaelekea wapi. Ufa unaofuata urefu wa tuta mara nyingi huonyesha kwamba ubavu mmoja umeanza kuketi au kuteleza. Ufa unaolikata tuta, kutoka upande wa maji hadi upande wenu, ni mbaya zaidi, kwa sababu siku maji yatakapopanda hadi kuufikia yatakuwa yamepata mlango. Ombeni ruhusa, naibu wa chifu akiwapo, mpigilie kigingi kila upande wa ufa, mpime umbali kati ya vigingi kwa rula, na muandike kipimo pamoja na tarehe. Baada ya siku tatu pimeni tena. Maneno ya msimamizi na ya wachunga mbuzi yanaweza kupingana mwaka mzima, lakini vigingi vilivyoachana kwa sentimita mbili havibishaniki.

Saa ya kuondoka imefika ukiona mojawapo ya haya: maji yanayovuja yamegeuka rangi, mtiririko unaongezeka ilhali mvua imekatika, pametokea shimo au mbonyeo juu ya tuta, maji ya bwawa yanakaribia kufurika juu ya tuta huku njia ya kutolea maji ya ziada ikiwa imezibwa na magogo au tope, au kina cha bwawa kinashuka ghafla na hakuna aliyefungua kitu. Moja tu linatosha. Msingoje la pili, wala msingoje chifu apige simu. Pandeni ubavu wa bonde hadi mahali pa juu, msifuate barabara inayoshuka pamoja na mto, kwa maana maji yatafuata njia hiyo hiyo na yana mwendo kuliko ninyi.

Najua hamjasahau Solai, katika kaunti yenu. Bwawa la shamba lilibomoka usiku wa tarehe 9 Mei 2018, watu wakiwa majumbani, na wasiopungua 47 wakapoteza maisha, wengi wao wakiwa watoto na wanawake. Usiku ndio uliowaua wengi, kwa maana hakuna aliyeweza kuona wala kukimbia. Kwa hiyo nasema bila kusitasita: mpaka mhandisi atakapolikagua tuta hilo na kutoa neno lake kwa maandishi, watoto na wazee wasilale bondeni usiku wowote wa mvua kubwa. Walale kwa jamaa walioko mlimani, shuleni au kanisani, na vijana wawili wawili wapokezane zamu ya kuangalia kwa tochi, wakiwa kando ya bonde na si juu ya tuta.

Wakati huo huo andikeni barua kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji, ambayo chini ya Sheria ya Maji ya 2016 ndiyo inayotoa vibali na kusimamia usalama wa mabwawa. Elezeni mlichokiona, siku mlipokiona na vipimo vya vigingi, mwambatishe picha, mpeleke nakala kwa chifu na kwa kamishna wa kaunti, na ile inayobaki kwenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Malalamiko ya mdomo hupotea mlangoni.

SWALI: Mwezi wa Mei 2024 tuliamriwa kuhama kwa sababu ya bwawa. Tulilala katika darasa la shule ya msingi siku tisa, watu wa familia sita chumba kimoja. Tuliporudi bwawa lilikuwa vilevile, kuku wangu wote walikuwa wameibwa na magunia mawili ya mahindi yameoza. Sasa wameanza tena kutuambia tujitayarishe. Mimi nina miaka 67 na nimeamua kwamba safari hii sitoki. Nimekosea?
*Baba wa familia, Kaunti ya Kiambu*

JIBU: Mzee wangu, shikamoo. Hasara yako ni ya kweli, na walioitoa amri ile walipaswa kuifikiria. Mwezi huo serikali iliwaagiza wakazi wa karibu na mabwawa na hifadhi za maji 178, katika kaunti 33, wahame ndani ya saa 24. Saa 24 ni chache mno kwa mtu mwenye mifugo, ghala na mgonjwa ndani ya nyumba, na pale amri isipotaja ni wapi watu watalala na nani atalinda walichoacha, wengi hubaki. Hapo sikulaumu.

Lakini umekosea kudhani kwamba mlihama bure kwa kuwa bwawa halikubomoka. Ngoja nikupe habari ya mji mdogo wa Whaley Bridge, huko Derbyshire nchini Uingereza. Juu ya mji huo kuna bwawa la udongo la Toddbrook, lililojengwa katika karne ya 19 kulisha mfereji wa mashua. Tarehe 1 Agosti 2019, baada ya siku kadhaa za mvua, maji yaliyokuwa yakipita juu ya njia ya zege ya kutolea maji ya ziada yaling'oa sehemu ya zege hiyo na kuanza kuchimba udongo wa tuta chini yake. Shimo lilionekana kwa yeyote aliyesimama mjini na kutazama juu, na nyuma yake yalikuwako maji ya zaidi ya tani milioni moja. Wakazi wapatao 1,500 waliondolewa. Helikopta ya jeshi la anga ikaanza kudondosha magunia ya kokoto ndani ya shimo, moja baada ya jingine, mpaka yakafika tani 400 hivi, huku pampu kubwa zikivuta maji mchana na usiku.

Watu wale nao waliacha vitu nyuma. Ilifika siku polisi wakamruhusu mtu mmoja kutoka kila nyumba arudi kwa dakika 15 tu, achukue dawa, nyaraka na paka au mbwa wake, kisha atoke. Wachache walikataa kuondoka kabisa, na polisi wakawaambia waziwazi kwamba wanahatarisha pia maisha ya watakaotumwa kuwaokoa. Baada ya siku sita hivi kina cha maji kilikuwa kimeshushwa vya kutosha na watu wakarudi makwao. Bwawa halikubomoka. Uchunguzi huru uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba njia ile ya zege ilikuwa na kasoro tangu kusanifiwa kwake na kwamba matunzo yake yalikuwa ya vipindi. Asubuhi ya tarehe 1 Agosti hakuna mhandisi ambaye angeweza kuapa kwamba tuta litasimama hadi jioni.

Hata kule Oroville, California, mwezi wa Februari 2017, watu wapatao 188,000 waliamriwa kutoka kwa sababu mteremko chini ya njia ya dharura ya maji ulikuwa unachimbika kurudi nyuma kuelekea kwenye ukingo unaozuia maji, na tangazo la kwanza lilisema kwamba ukingo huo ungeweza kuanguka ndani ya saa moja. Saa hiyo ilipita, na nyingine zikapita, kwa sababu wasimamizi waliongeza maji kwenye njia kuu, ingawa nayo ilikuwa imevunjika, mpaka kina kikashuka. Siku mbili baadaye watu walianza kurudi. Mwenye kuhukumu amri ya kuhama aangalie kilichojulikana saa ilipotolewa, si kilichoonekana baada ya wiki.

Kwa hiyo nakusihi, Mzee, toka. Ila safari hii toka kwa masharti yako. Kabla mvua haijazidi, mwiteni chifu barazani na mumwulize mbele ya watu wote: mifugo itapelekwa shamba la nani, vijana gani wa nyumba kumi watalinda njia zinazoingia kijijini, na wazee watalala wapi. Majina yaandikwe. Kuku na mbuzi watangulie mchana, siku moja au mbili kabla yenu, wapelekwe kwa jamaa aliye juu. Mahindi yapandishwe au yauzwe mapema, hata kwa bei isiyokupendeza. Kitambulisho, hati ya shamba, kadi ya hospitali na dawa za mwezi mmoja ziwe ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa, uning'inie kwenye msumari karibu na mlango. Na kama magoti hayakubebi tena, mwenye bodaboda atakayekuchukua ajulikane kwa jina leo, awe na namba yako nawe uwe na yake.

SWALI: Kwa nini wanakijiji tusichimbe mfereji juu ya tuta, maji yatoke polepole, badala ya kungoja yabomoe yenyewe?
*Msomaji, Machakos*

JIBU: Tafadhali msifanye hivyo kamwe. Maji yakipita juu ya udongo ulio wazi huchimba mfereji huo kwa kasi kuliko majembe yenu, na mfereji wa upana wa jembe unaweza kuwa pengo la upana wa barabara kabla hamjapata nafasi ya kushuka. Bwawa hupunguzwa kwa pampu, au kwa mabomba yanayovuta maji kutoka upande mmoja wa tuta hadi mwingine bila kulikata. Hata hivyo hupunguzwa taratibu na chini ya uangalizi wa mhandisi, kwa sababu udongo ulioloa upande wa ndani ulikuwa umeegemea maji, nayo yakiondoka ghafla unaweza kuporomoka. Kazi ambayo wanakijiji wanaweza kuifanya, tena wakati wa kiangazi, ni kufyeka na kusafisha njia ya maji ya ziada, na kufukia mashimo ya fuko kwa udongo ulioshindiliwa.

SWALI: Kwetu hakuna bwawa, ila tuta la barabara linakatiza bonde na kalavati lake limejaa takataka. Je, barua hizi zinatuhusu?
*Msomaji, Kajiado*

JIBU: Zinawahusu sana. Maafa ya Mai Mahiu ya tarehe 29 Aprili 2024, yaliyoua makumi ya watu usiku, mwanzoni yalisemwa kuwa ni bwawa lililobomoka, kisha Wizara ya Maji ikaeleza kwamba maji yalikuwa yamekusanyika nyuma ya tuta la reli baada ya njia yake ya kupitia kuzibwa na magogo, mawe na udongo. Tuta lolote linalozuia maji kwa siku chache huwa ni bwawa, lakini halina mhandisi, halina njia ya maji ya ziada wala mlinzi. Chorea alama ya rangi kwenye ukuta wa kalavati, upande maji yanakoingilia. Mvua ikishakatika na maji yakabaki juu ya alama hiyo kwa saa kadhaa, mjue kalavati limeziba ndani. Wapigieni chifu na ofisi ya barabara ya kaunti siku hiyo hiyo, na walio chini ya tuta wasilale hapo usiku huo.