Maswali ya Wasomaji: Matembezi ya Miguu Ruaha

Swali: Agosti mimi na mume wangu tutalala kambini Ruaha na kutembea porini kwa miguu. Tuvae nini, na tukikutana na nyati?

Jibu: Dada, nguo za bluu na nyeusi acheni nyumbani. Rangi hizo huwavuta ndorobo, na mdomo wao hupenya kitambaa chepesi. Vaeni kaki, suruali ndefu, na viatu mlivyokwisha vizoea. Kiatu kipya kitawatoa malengelenge njiani. Maji, lita moja na nusu kila mtu.

Mtaondoka alfajiri, mstari mmoja nyuma ya askari mwenye bunduki, kimya. Mtamwona akitikisa kifuko cha majivu: yakipeperukia upande wa wanyama, mtazunguka, maana harufu ya mtu huwashtua mapema. Wa kuogopa hasa ni nyati dume mzee aliyejitenga na kundi, akiwa amelala kwenye vichaka vya mtoni. Akiwakazia macho, simameni palepale, mkaribiane, msubiri ishara. Msikimbie kamwe! Anayekimbia huamsha mbio za mnyama na kumziba askari asiweze kulenga.

Usiku msitoke hemani wenyewe, hata hatua kumi. Mkifika tu, ulizeni namna ya kumwita mlinzi.