Patriaki wa Aleksandria na Sinodi yake: nani mwenye kauli?

SWALI: Sisi Waorthodoksi wa Mwanza tuko chini ya Patriaki wa Aleksandria, nasi hufundishwa kwamba Kanisa lake linajitawala. Je, Patriaki anaweza kuweka na kuondoa maaskofu apendavyo, au naye ana mkubwa wake huko Konstantinopoli? – Msomaji, Mwanza

JIBU: Ndugu msomaji, jibu ni hapana kwa yote mawili. Kanisa linalojitawala ni lile ambalo maaskofu wake humchagua kiongozi wao bila kungoja kibali cha Kanisa lingine. Patriaki Petros VII alipofariki katika ajali ya helikopta Septemba 2004, Sinodi Takatifu, yaani kikao cha maaskofu wa Kanisa lake, ilikutana mwezi uliofuata, ikamchagua Theodoros II, aliyekuwa metropolita (askofu wa jimbo) wa Zimbabwe. Patriaki wa Konstantinopoli ana heshima ya kwanza kati ya viongozi wa Makanisa yanayojitawala, na wa Aleksandria humfuata, lakini heshima hiyo haimpi amri juu ya mambo ya ndani ya wenzake.

Ndani ya Kanisa lenyewe, mwenye kauli ya mwisho ni Sinodi hiyo, chini ya uenyekiti wa Patriaki, ambayo huchagua maaskofu na kumhukumu askofu aliyeshtakiwa. Nalisisitiza hili kwa sababu cheo cha Patriaki, Papa na Patriaki wa Aleksandria na Afrika Yote, huwafanya wengi wadhani kwamba ana madaraka sawa na ya Papa wa Roma.

Sikiliza Liturujia kwa makini: padri hutaja jina la askofu wake, askofu hutaja la Patriaki, naye Patriaki hutaja viongozi wa Makanisa mengine yanayojitawala. Kutajwa huko ndiko kutambuliwa. Theodoros alipomtaja kiongozi wa Kanisa jipya la Ukraine, Novemba 2019, Moscow, yaani Kanisa la Urusi, ambalo halilitambui Kanisa hilo, iliacha kumtaja yeye, na Desemba 2021 ikaanzisha jimbo lake Afrika na kuwapokea mapadri wa Aleksandria bila ridhaa yake. Kwa maoni yangu huko ni kuingilia Kanisa la mwenzako, hata kama mlikuwa na ugomvi wa haki.

Hata katika jambo zito kama hilo, Patriaki hakuhukumu peke yake: Novemba 2022 Sinodi ndiyo iliyotangaza kumvua daraja askofu aliyetumwa na Moscow kuliongoza jimbo hilo. Vivyo hivyo, askofu wenu wa Mwanza akishtakiwa, watakaomhukumu ni maaskofu wenzake.