Yule Msyria wa vyumba ndani ya masanduku

Ndugu, fundi Msyria uliyemuulizia, anayejenga vyumba vilivyobomoka ndani ya masanduku ya safari, ni Mohamad Hafez. Kazaliwa Damascus mwaka 1984, akakulia Saudi Arabia, kisha akaenda Marekani kusomea usanifu majengo huko Iowa.

Umeuliza kwa nini hakuwa akirudi kwao. Viza yake ilikuwa ya kuingia mara moja tu. Angetoka, kurudi darasani kusingekuwa na hakika. Basi akaanza kuijenga Damascus kwa mikono: kuta za plasta zilizobabuka, roshani, nyaya, kamba za kuanikia nguo, vikorokoro vya kuokota. Wengi hudhani ni vita vilivyomfanya msanii. La, alianza kwa kiu ya nyumbani. Magofu yalikuja baadaye, nchi ilipoanza kubomolewa.

Hayo masanduku ni ya 2017, alipoungana na Ahmed Badr, mwandishi kijana mwenye asili ya Iraq. Kila sanduku lina chumba cha mkimbizi halisi, na ukivaa spika za masikioni unasikia kisa chake. Mimi hunishika zaidi aya za Kurani anazoandika kwenye kuta zilizopasuka. Zitazame kwa karibu.