Maswali ya Wasomaji: Mlima Unaotoka Mdogo, Picha za Nyeusi na Nyeupe, na Bibi wa Marangu

SWALI: Habari za kazi kaka. Nipo Pasua hapa Moshi, napiga picha za harusi na bethdei ila nataka niingie kwenye picha za sanaa. Shida yangu ni mlima Kilimanjaro. Kwa macho nauona umejaa, nikipiga kwa simu unatoka kama kichuguu na picha inafanana na za kila mtu. Niliambiwa niwashe gridi, ile mistari inayogawa kioo cha kamera, nimewasha, bado. Nakosea wapi?

JIBU: Salama kabisa ndugu yangu. Lenzi ya kawaida ya simu ni pana, inabeba vitu vingi kwa mkupuo, na kilicho karibu kinachukua nafasi kubwa kuliko kilicho mbali. Toka Moshi mjini mpaka kilele cha Kibo ni kama kilomita 30 ukikata moja kwa moja. Sasa tuseme mgomba uko mita 5 mbele yako, ukirudi nyuma mpaka mita 25 ule mgomba kwenye picha unapungua mara tano, lakini mlima haubadiliki, maana mita 20 kwenye kilomita 30 si kitu. Kwa hiyo rudi nyuma kwanza halafu ndio uvute kwa lenzi ya 2x au 3x kama simu yako inayo, aisee utashangaa, mlima unakuja unasimama mgongoni kwa ule mgomba. Ukivuta tu bila kurudi nyuma, mgomba na mlima vyote vinakua pamoja na hujapata kitu.

Gridi iache iwake, haina ubaya. Hilo wazo la theluthi, yaani kugawa picha sehemu tatu tatu, mchoraji Mwingereza John Thomas Smith aliliandika mwaka 1797 akiongelea michoro ya mandhari, kamera zenyewe hazijaanza. Linakusaidia kujua mlima ukae wapi. Ila mlima umefuata nini kwenye picha yako? Hilo ni lako wewe, na kwangu mimi sanaa inaanzia hapo. Mtalii anapiga mlima kwa sababu hajawahi kuuona, wewe umezaliwa unauona, kwa hiyo una jambo la kusema ambalo yeye hana. Labda ni namna watu wa soko la Mbuyuni wanavyopakua ndizi asubuhi na hakuna hata mmoja anayegeuka kuuangalia. Basi picha ni ya hao watu, mlima ukae nyuma, hata ukikatwa kilele sawa tu.

Ukishaamua, anza kutoa vitu. Waya wa umeme, bango la vocha, nusu ya bodaboda pembeni, vyote hivyo vinamvuta mtazamaji aondoke kwenye jambo lako, na mara nyingi dawa ni hatua mbili kushoto au kuchuchumaa, wala huhitaji kuediti. Kabla hujabonyeza zungusha macho kona zote nne za kioo. Na wahi, saa 12 na nusu mpaka saa 2 asubuhi kabla mawingu hayajaufunika, hapo jua linatoka mkono wako wa kulia ukiwa umeutazama mlima, vivuli vinaingia kwenye mabonde yake na umbo linaonekana. Gusa kwenye theluji pale kiooni ushushe mwanga kidogo isiungue, yaani isitoke nyeupe tupu.

SWALI: Kaka mambo. Mimi ni wa Sakina, Arusha. Picha zangu nikizigeuza nyeusi na nyeupe marafiki wanasema ndio zimekuwa sanaa. Ni kweli?

JIBU: Poa mdogo wangu. Hapana, inategemea ulichopiga. Mtu aliyevaa shuka jekundu akisimama mbele ya migomba, kwenye rangi anaonekana toka mbali, ukiondoa rangi ule wekundu na ule ukijani vinaweza kuwa kijivu kinachokaribiana na mtu wako akapotelea kwenye majani. Nyeusi na nyeupe inataka mwanga na giza viachane vizuri. Tafuta picha ya Martin Munkácsi, mpiga picha wa Hungaria, ile ya wavulana watatu wakikimbilia majini inayojulikana kwa jina la Ziwa Tanganyika, mpiga picha maarufu Henri Cartier-Bresson wa Ufaransa alisema hiyo ndiyo iliyomwasha. Sura zao huzioni, unaona migongo, mikono, miguu, na ule uwazi kati yao, na hiyo inatosha kabisa. Ukitaka kugeuza picha, amua kabla hujapiga.

SWALI: Shikamoo kaka. Bibi yangu yuko Marangu, nataka kumpiga picha nzuri ya kutundika, ila kila akiona kamera anakakamaa kama wa pasipoti na hacheki. Sina studio wala taa.

JIBU: Marahaba. Asiyetaka kucheka usimchekeshe, uso wake uliotulia una heshima yake na mimi naupenda kuliko tabasamu la kuombwa. Seydou Keïta wa Bamako, Mali, alifungua studio mwaka 1948 akawa anapiga zaidi kwa mwanga wa jua, pazia lake la kwanza la nyuma lilikuwa shuka la kitandani kwake, na wateja aliwawekea redio, saa, kalamu, mtu ashike anachotaka aonekane nacho. Picha hizo leo ziko kwenye makumbusho makubwa ya dunia. Kwa hiyo taa isikuumize kichwa. Mkalishe bibi ndani karibu na mlango ulio wazi, mwanga umpige upande mmoja wa uso, nyuma yake tundika kitenge ambacho maua yake hayafanani na ya gauni alilovaa, la sivyo atamezwa. Mpe mikono kazi, achambue maharage au amenye ndizi, mkono ukiwa na shughuli mabega yanashuka yenyewe. Simu iwe usawa wa macho yake, usimpige toka juu kama mtoto.

Halafu muulize avae nini na akae na nani, yeye ndiye mwenye picha. Ikitoka, printi kopi mbili, moja umpelekee atundike kwake.