Kushiriki majaribio ya dawa ya vidonda vya mdomoni: uzoefu wangu

Dada uliyeuliza kama ujiunge na utafiti wa dawa ya kupaka vidonda vya mdomoni, huku mama akikukataza asije akaona mwanawe anapewa dawa isiyo na kitu ndani: mimi nimeshiriki utafiti wa aina hiyo hapa Dar, na wakiniita tena nakwenda. Lakini hofu ya mama ni ya haki, ijibiwe.

Hivi vidonda vidogo vyeupe vyenye wekundu pembeni, vinavyopona na kurudi, kwa kawaida hujiponea ndani ya siku 7 hadi 14. Ugumu wote uko hapo. Ukipaka asali leo na wiki ijayo kidonda kikafunga, utaapa kwamba ni asali. Ukisukutua maji ya chumvi utaapa ni chumvi. Ndiyo maana wengine wanapewa dawa yenyewe na wengine dawa bandia, yaani inayofanana nayo ila haina kitu ndani, kwa bahati nasibu, na wewe wala daktari anayekupima hamjui nani kapata ipi. Mimi hadi leo sijui nilipaka ipi. Kwa kidonda cha namna hii hakuna anayeumizwa kwa kukosa dawa wiki moja, isipokuwa maumivu, nayo waulize mapema utaruhusiwa kumeza nini yakizidi.

Tena mwambie mama kwamba si kila utafiti una watu wanaoambulia dawa bandia peke yake. Muhimbili uliwahi kufanyika utafiti wa utando mweupe wa fangasi mdomoni kwa watu wanaoishi na VVU, matokeo yakatoka 2008. Walilinganisha dawa ya fangasi iitwayo flukonazoli, miligramu 750 kwa mara moja na miligramu 150 kila siku kwa wiki mbili. Wote 220 walipata dawa ya kweli. Dawa bandia iliongezwa ili tu pakiti za dawa zisitofautiane. Dozi moja ikaonekana inafanya kazi sawa na ya wiki mbili. Mgonjwa anayehangaika na nauli ya kliniki anajua uzito wa jibu hilo.

Kwangu walianza na maswali mengi na kipimo cha damu, maana upungufu wa madini ya chuma au vitamini B12 nao huleta vidonda. Kisha nikaambiwa nisubiri kidonda kitokee na niwahi kingali kipya. Walikipima upana, nikaweka alama kwenye mstari kuonyesha kinauma kiasi gani, nikapewa daftari la kujaza kila jioni. Kilichonikaa kooni ni sharti la kutotumia kitu kingine: si GV (ile dawa ya zambarau), si mshubiri, hata dawa ya meno nisibadilishe. Usipoweza hilo, usijiunge, kwa sababu unaharibu majibu ya wagonjwa wote.

Fomu ya ridhaa omba uende nayo nyumbani, ya Kiswahili, usome na mama. Angalia kama utafiti una kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na idhini ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Uliza nani atalipia matibabu ukipata madhara, kama kuna bima, nauli inarudishwa vipi, na kama mwishoni utaambiwa ulikuwa kundi lipi. Nauli na fidia ya muda ni halali, ila ukiahidiwa hela nyingi kuliko maelezo, ondoka. Una haki ya kujitoa siku yoyote bila kutoa sababu, na matibabu yako ya kawaida yasiguswe. Muuguzi aliyenisainisha alinirudishia jambo hilo mara kadhaa, na nilimheshimu kwa hilo.

Jambo moja usilisubirishie utafiti wowote: kidonda kikipita wiki 3 bila kupona, hasa kigumu au kisichouma, nenda kwa daktari wa kinywa na meno wiki hiyo hiyo. Saratani ya kinywa huanza hivyo, na ikikamatwa mapema inatibika.