Kilomita 400 za kwenye makaratasi

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, nilinunua gari la umeme lililotumika, Nissan Leaf, kutoka Japani, lenye betri ya kilowati-saa (kWh) 40, yaani kiasi cha umeme inachohifadhi. Makaratasi yanataja kilomita 400 kwa chaji moja, lakini hapa Mombasa sijawahi kuvuka 210. Je, betri imechoka? Na niijaze hadi asilimia 100 kila usiku?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Ndugu msomaji, kilomita 400 zilipatikana kwa kipimo cha zamani cha Japani kiitwacho JC08, ambacho mwendo wake ni wa taratibu mno, ilhali nchini Marekani gari hilohilo lilipewa kilomita 243 hivi. Kwa gari lililotumika, tena kiyoyozi kikiwaka kutwa, 210 si haba. Tazama vistari 12 vya uwezo wa betri kwenye dashibodi. Vikipungua, ndipo uulize kuhusu uchakavu.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni joto la pwani, kwa kuwa betri ya Leaf haina mfumo wa kupozwa kwa maji, na kuijaza kwa chaja ya kasi mara kwa mara siku moja huipasha sana. Kwa safari za mjini, asilimia 80 zinatosha. Ijaze hadi 100 usiku wa kuamkia safari ndefu tu.